Sura ya 7: Wawili Ndani ya Gari Moja

Ubishi kuhusu Safari Rally haujawahi kuisha Taita Taveta. Kwa miaka mingi, Pasaka ilipokaribia, magari ya mashindano yaliteremka kutoka Nairobi kwa barabara ya Mombasa, yakapita Voi, kisha yakakwea milima ya Taita kwa njia za Mwatate na Wundanyi, au yakashika njia ya magharibi kupitia Bura na Maktau kuelekea Taveta na mpaka wa Tanzania. Hapakuwa na tiketi, uzio wala jukwaa. Mtu alitoka nyumbani kwake, akasimama kwenye ukingo wa barabara na kusubiri taa. Walioyaona magari hayo wakiwa watoto leo wana wajukuu, na bado wanayakumbuka kwa rangi, kwa mngurumo wa injini na kwa jina la dereva.

Jina la dereva peke yake. Hapo ndipo ubishi wote unapopinda. Mmoja atasema Joginder Singh, mwingine atasema Shekhar Mehta, wa tatu atamtaja Björn Waldegård wa Sweden, na wote watasahau kwamba katika kila gari lililopita mbele yao alikuwamo mtu wa pili, mwenye daftari mapajani na saa mbele ya macho. Hakuna aliyewahi kushinda Safari ya zamani akiwa peke yake garini. Swali la haki ni hili: kati ya wote waliopita, ni wawili gani walikuwa bora wakiwa pamoja?

Mashabiki wa mpira wa kikapu walilizoea swali la namna hiyo zamani. Wakibishana kuhusu NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, hawaishii kwenye nyota mmoja mmoja; huwapima walinzi wawili wawili. Wapo wanaowashikilia Jerry West na Gail Goodrich, nguzo za Los Angeles Lakers iliyoshinda mechi 33 mfululizo katika msimu wa 1971-72. Wapo wa Walt Frazier na Earl Monroe, mabingwa wa 1973 na New York Knicks. Vijana watakuambia Stephen Curry na Klay Thompson, waliotwaa vikombe 4 pamoja na Golden State Warriors kati ya 2015 na 2022. Wenye kupenda ulinzi watawataja Isiah Thomas na Joe Dumars wa Detroit Pistons, mabingwa wa 1989 na 1990, na hoja yao ni nzito: Dumars alibeba kazi ngumu ya kumkaba Michael Jordan, Thomas akabaki na pumzi ya kuongoza mashambulizi. Ubora wa jozi, wanasema, ni kile ambacho mmoja humwezesha mwenzake kukifanya. Kipimo hicho kinaifaa Safari Rally kuliko mchezo mwingine wowote uliowahi kupita Voi.

Mashindano yenyewe yalianza 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na yalizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1973 yakaingia katika ubingwa wa dunia, ulioanzishwa mwaka huohuo. Yalikuwa ya siku kadhaa na maelfu ya kilomita, mchana na usiku, na hadi mwaka 2002 yaliendeshwa kwenye barabara ambazo hazikufungwa. Gari la mashindano lilikutana na lori la mkonge, basi la abiria, kundi la ng'ombe. Karibu na Voi, ambako Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi zinatazamana, lingeweza kukutana na tembo.

Kazi ya mtu huyo wa pili, mwelekezi, ilianza wiki nyingi kabla ya Pasaka. Yeye na dereva wake walipita njia nzima kwa gari la mazoezi, polepole, wakiandika kila kona, kila drifti, kila shimo na kila mahali ambapo barabara hugawanyika. Siku ya mashindano aliyasoma maandishi hayo kwa sauti kupitia kipaza sauti cha kofia, akitangulia barabara kwa sekunde chache: akichelewa, dereva ameshaingia konani, akiwahi mno, dereva amesahau. Wakati huohuo alipiga hesabu za muda. Kila kituo kilikuwa na dakika yake ya kuingia, na kila dakika ya kuchelewa ilikuwa adhabu iliyoandikwa kwenye kadi. Yeye ndiye aliyejua ni lini wasimame kwa mafundi, mafuta yatawafikisha wapi, na kama pancha ibadilishwe hapa au ivumiliwe hadi kituoni.

Chukua kipande kimoja tu, kutoka Mwatate kupanda Wundanyi. Leo ni lami, na matatu huikwea bila kelele nyingi. Wakati wa Safari za zamani udongo mwekundu wa Taita, ukishapigwa na masika, uliteleza kiasi kwamba kutembea kwa miguu kulikuwa shida. Chini, upande wa Voi, huenda ni vumbi tupu na joto. Juu, kuelekea Vuria ambayo kilele chake kinafika mita 2,208, ni ukungu na mvua. Gari lililotoka bondeni na kioo kikavu liliingia katika mawingu ndani ya dakika chache, usiku, kwenye kona zinazojikunja kama nyoka huku upande mmoja ukiwa ukuta wa mlima na wa pili ukiwa hewa. Taa 4 au 6 za mbele ziliangaza ukungu mweupe tu. Hapo dereva hakuwa na macho. Alikuwa na masikio, na sauti ya mtu aliyeketi kando yake ikimwambia kona ya kushoto, kali, inajifunga, usikate. Akaamini, akageuza usukani.

Imani hiyo ndiyo inayopimwa katika sura hii.

Tuanze na ndugu wawili. Mwaka 1965 Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, na mdogo wake Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544 ambayo ilikuwa imeshatumika katika mashindano kabla haijafika mikononi mwao. Waliwaacha wa pili kwa zaidi ya saa moja na nusu. Wakenya walimwita Joginder "Simba", na jina lilimfaa: katika Safari 22 alizoanza alimaliza 19, rekodi ambayo katika mashindano yanayovunja magari inashangaza kuliko ushindi wenyewe. Alishinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer ndogo ya lita 1.6, safari hizi akielekezwa na David Doig. Mwaka 1974 aliyeshika nafasi ya pili nyuma yao alikuwa Waldegård katika Porsche 911, gari lenye nguvu kwa mbali kuliko lao. Mwaka 1976 Lancer zilichukua nafasi zote tatu za juu.

Lakini ushindi huo unatoa jibu la swali jingine. Joginder alishinda na ndugu yake, akashinda na Doig. Maana yake yeye ndiye aliyekuwa msingi. Ni hoja ya kumwita dereva mkuu, na haki yake haipungui. Kwa upande wa jozi inamgawa.

Mzani huohuo ukielekezwa kwa waelekezi, unatoa jambo ambalo mashabiki wengi hawajalitazama. Arne Hertz wa Sweden alishinda Safari mara 3 na madereva 3 tofauti: Ove Andersson katika Peugeot 504 mwaka 1975, Hannu Mikkola katika Audi 200 mwaka 1987, na Mjapani Yoshio Fujimoto katika Toyota mwaka 1995. Ni miaka 20 kati ya ushindi wa kwanza na wa mwisho. Fred Gallagher naye alishinda mara 3, zote kwa Toyota: mwaka 1985 akiwa na Juha Kankkunen, kijana aliyekuwa hajawahi kushindana katika Safari, kisha 1986 na 1990 akiwa na Waldegård. Dereva anayefika Kenya kwa mara ya kwanza na kuondoka na kombe ana mtu wa kumshukuru. Kama kungekuwa na haki katika kumbukumbu, jina la Gallagher lingetajwa Mwatate sawa na la Kankkunen.

Waldegård mwenyewe alishinda mara 4, mbili za kwanza, 1977 na 1984, akiwa na Hans Thorszelius. Wawili hao ni jozi kubwa bila shaka. Na miaka mingi baadaye, katika Safari Classic ya magari ya zamani inayofanyika Afrika Mashariki tangu 2003, alirudi na kushinda 2007 na 2011 akielekezwa na mwanawe Mathias. Baba akiendesha, mwana akisoma barabara. Ni picha nzuri sana ya mchezo huu, ingawa Classic ni mashindano mengine na haiwezi kuhesabiwa kwenye mizani moja na Safari.

Wa enzi za mwisho za barabara wazi ni Colin McRae na Nicky Grist, Mskoti na Mwelshi walioshinda pamoja 1997, 1999 na 2002. Ushindi wa 1999 ulikuwa wa kwanza kwa Ford Focus katika ubingwa wa dunia, na ule wa 2002 ukawa wa 25 na wa mwisho wa McRae katika ngazi hiyo. McRae alijulikana duniani kwa kuvunja magari. Kwamba mtu wa mwendo ule alishinda mara 3 katika mashindano yanayomlipa mwenye subira, hilo ni sifa ya Grist kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo walikuwa na helikopta juu yao ikiwaonya kuhusu ng'ombe na malori yaliyo mbele, na jeshi la mafundi kila walikosimama. Waelekezi wa miaka ya 60 hawakuwa na jicho la angani.

Kwa Wakenya, mwaka wa kukumbuka ni 1994. Ian Duncan na David Williamson walishinda kwa Toyota Celica, na kombe likabaki nyumbani kwa mara ya kwanza tangu 1982. Mwaka huohuo Patrick Njiru, akielekezwa na Abdul Sidi, alimaliza wa nne kwa Subaru Impreza. Kwa maelfu waliokuwa wamesimama kando ya barabara miaka yote hiyo wakiwatazama wageni na walowezi wakipita, nafasi ile ya nne ilikuwa na uzito wa kombe.

Sasa tufike kwa wawili ambao wengi huona hawana mshindani.

Shekhar Mehta alizaliwa Uganda mwaka 1945. Aliishinda Safari mara ya kwanza 1973, mwaka mmoja tu baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia Uganda, akiwa na Lofty Drews katika Datsun 240Z. Alilingana kabisa kwa dakika za adhabu na Harry Källström wa Sweden, na akapewa ushindi kwa sababu alikuwa amekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Kisha, kuanzia 1979 hadi 1982, akiwa na Mike Doughty, alifanya jambo ambalo halijawahi kurudiwa: ushindi 4 mfululizo, wote kwa Datsun. Mwaka 1979 waliishinda Mercedes ya lita 5 ya Mikkola na Hertz. Mwaka 1980 na 1981 wa pili walikuwa Rauno Aaltonen na yuleyule Lofty Drews aliyekuwa amemwelekeza Mehta mwaka 1973. Mwaka 1982 wa pili walikuwa Walter Röhrl na Christian Geistdörfer, waliomaliza mwaka ule wakiwa mabingwa wa dunia.

Mara 4 mfululizo, katika mashindano ambayo jiwe moja, ng'ombe mmoja au mto mmoja uliofurika hutosha kukutoa. Bahati haiji mara 4 kwa mtu yuleyule. Mehta alikuwa dereva mtulivu, asiyeumiza gari, na Doughty alikuwa na hesabu za muda zilizomruhusu kuwa hivyo. Wanaosema hawa ndio bora wana hoja inayosimama, na mwenye kuipinga inambidi alete kitu kizito.

Kitu hicho kipo, nacho ni cha zamani zaidi.

Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka. Mvua ilinyesha kana kwamba anga limetobolewa. Mito ikavuka madaraja, barabara zikageuka tope hadi magotini. Magari 7 ndiyo yaliyomaliza. La kwanza lilikuwa Peugeot 404 ya Nick Nowicki, Mkenya mzaliwa wa Poland, na mwelekezi wake Paddy Cliff. Miaka 5 baadaye, mwaka 1968, masika yalirudi na nguvu zilezile. Magari 93 yaliondoka. Yalimaliza 7. La kwanza lilikuwa Peugeot 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff.

Jumlisha. Katika miaka hiyo miwili magari 177 yaliondoka na 14 yakafika, na mara zote mbili watu wawili walewale walikuwa mbele, katika gari la aina ileile. Safari haikuwahi kuwa ngumu kuliko miaka hiyo miwili, na hakuna jozi nyingine iliyoimudu namna hiyo.

Mtetezi wa Mehta atauliza: kwani 404 si ndiyo iliyoshinda? Ni kweli kwamba ilikuwa gari la ajabu kwa barabara zetu, na kwamba kati ya ushindi huo wa Nowicki iliwapa wengine kombe pia: Bert Shankland na Chris Rothwell, watu wa Tanzania, walishinda nayo 1966 na 1967. Wale nao ni jozi ya kuheshimiwa, mara 2 mfululizo, na Tanzania haina budi kuwataja mara nyingi kuliko inavyowataja. Lakini 404 nyingine ziliondoka pia mwaka 1963 na 1968, zikabaki nyuma yao. Gari lilikuwa lilelile kwa wengi; walioketi ndani ndio waliotofautiana.

Tofauti yenyewe ilikuwa katika aina ya kazi. Barabara ikiwa kavu, dereva mkubwa anaweza kumfunika mwelekezi wa kawaida: kasi yake inafidia makosa ya hesabu. Barabara ikipotea, kasi haifai kitu. Yanayobaki ni maamuzi ya wawili. Maji haya yanavukika au tusubiri? Tuache mstari wa katikati tupite kwenye majani? Tushuke kusukuma sasa, au tukizungusha magurudumu tena tutazama hadi ekseli? Tumepoteza dakika ngapi, na wengine nao wamekwama wapi? Paddy Cliff alishuka kwenye tope kama waelekezi wote wa wakati ule, akatembea mbele ya taa kutafuta ardhi ngumu, akarudi ndani akiwa amelowa na kuendelea na hesabu. Nowicki alimsubiri, akamsikiliza, akapita alikoonyeshwa.

Na lipo jambo la mwisho. Mehta alishinda bila Doughty. Joginder alishinda bila Jaswant, Waldegård bila Thorszelius, Hertz na Gallagher na yeyote waliyepewa. Nowicki alishinda akiwa na Cliff tu, na Cliff akiwa na Nowicki tu. Ushindi wao wote wa Safari ni mali ya wawili, na hauwezi kugawanywa.

Zipo Safari za baadaye ambazo hazijaingia katika hesabu hii, na sababu yake ni rahisi. Baada ya 2002 mashindano yalitoka kwenye ubingwa wa dunia na kufupishwa. Carl Tundo ameyashinda mara 5, sawa na Mehta kwa idadi, ushindi wa 2018 akiwa na Tim Jessop, na ni dereva wa heshima kubwa. Ubingwa wa dunia uliporudi Kenya mwaka 2021, makao yakawa Naivasha, kwenye njia zilizofungwa, kilomita za mashindano zikiwa hazifiki 400. Sébastien Ogier na Julien Ingrassia walishinda mwaka huo. Kalle Rovanperä na Jonne Halttunen wakashinda 2022 na 2024. Ni mashujaa wa mchezo mwingine. Hawakupanda Wundanyi usiku katika ukungu, wala hawakukutana na lori la mkonge Mwatate.

Uamuzi wa sura hii basi ni huu. Dereva mkuu wa Safari ni Shekhar Mehta, na idadi ya vikombe vyake katika Safari za zamani haina jibu. Mwelekezi mkuu ni Arne Hertz, kwa kuwafikisha kileleni madereva 3 katika miaka 20. Lakini jozi kuu, wawili waliokuwa bora wakiwa pamoja kuliko wengine wote waliopita Voi, ni Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mehta na Doughty wanafuata kwa karibu sana, na ndugu Singh ni wa tatu. Msomaji wa Mwatate, Wundanyi au Taveta aliyewaona wengine na asiyekubaliana na mpangilio huu ana haki ya kuupinga. Aombwe jambo moja tu: alete majina mawili, na aanze na la mwelekezi.